Chenga

Sechelela Mahinyila, mkulima wa Hombolo,
amechora kwa kalamu ya risasi nyuma ya kadi yake
mistari sita. Wa saba ameuanza juu
akauacha ukining'inia.
"Leo ndiyo ya saba," ananiambia.
"Niumalizie, au kuna namna?"

Ana miaka ishirini na tisa. Matezi yalikuwa kifuani,
yakapigwa dawa, yakasinyaa. Mwaka wa tatu huu
anakuja kuchunguliwa tu:
anapanda gari la alfajiri, anashuka na vumbi kwenye nyusi,
anavua hereni, anazifunga kwenye pindo la kanga,
analala chali, kitanda kinamwingiza tunduni.

Mimi ni yule wa nyuma ya kioo. Mimi ndiye hubonyeza.
Nasema vuta pumzi, zuia,
kisha naendelea kuhema zangu
nyuma ya ukuta wenye risasi.

Mwaka jana namba za mashine nilikuwa naziacha
kama alivyoziacha fundi aliyeifunga.
Mnene, mwembamba, zilezile.
Anayetafutiwa ugonjwa, anayehakikishiwa haupo,
zilezile.
Na Daktari Chidawali, msoma picha, alipenda picha zake
zing'ae kama sahani za harusi.

Ni yeye Sechelela aliyeniuliza, picha ya tano,
akivaa viatu, bila hasira:
"Sisi zabibu tunazipiga salfa.
Ukungu ukiingia, unapiga haswa.
Ukishaondoka unapita mistarini, unafunua jani, unatazama.
Humwagi mfuko mzima kwa kutazama.
Salfa ikizidi kwa jua hili la kwetu
jani linaungua, na ukungu wenyewe haukuwepo."

Sikulala vizuri.

Asubuhi nikamfuata Chidawali. Nikamweleza habari ya mama,
kule Mpwapwa, usiku, akitaka kujua kama tumelala:
alishusha utambi wa chemli, akasimama mlangoni,
akahesabu vichwa, akarudi zake.
Daktari akavua miwani.
"Na kama kichwa kimoja ni cha nyoka?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na dumu.

Jioni mbili, wagonjwa wakishakwisha, tulililaza kitandani
dumu la lita ishirini, maji hadi shingoni,
na chini yake mbegu za zabibu, nilizozihesabu mimi,
yeye asijue ni ngapi.
Nikashusha namba. Akahesabu: kumi na mbili.
Nikashusha. Picha ikaanza kuwa na chenga,
kama runinga ya zamani mvua ikikaribia. Kumi na mbili.
Nikashusha tena. Akasogea, akafikicha macho.
"Kumi na moja."
Nikapanda hatua moja. Nikapanda na ya pili,
kwa ajili ya nyoka.
Hapo tukaweka alama ya wino.

Basi leo, Sechelela, ni kifua peke yake,
mara moja, nyonga tumeziacha zipumzike.
Vuta pumzi.
Zuia.
(Na mimi nimezuia. Sijui kwa nini, nimezuia.)
Hema.

Chidawali ameweka ya leo kando ya ile ya kwanza,
sahani ya harusi na sahani ya kila siku.
Amekaa. Simu yake imeita, hakuigusa.
Chenga zipo, zimetapakaa kama za mchele wa bei nafuu,
na katikati yake, palepale, saizi ileile, kovu.
"Limelala," amesema.
Pembeni ya kioo mashine imeandika kipimo:
miligrei tatu na nusu,
palipokuwa pakiandikwa kumi na tatu.

Namwambia. Hataki kujua miligrei ni nini.
Analamba ncha ya kalamu, anaukamata ule mstari wa juu,
anaushusha kidogo, robo hivi,
anasita,
anaukata hapo.
Halafu anatoa hereni kwenye pindo
na kuniuliza kama gari la saa nane limeshapita.